Kabati la Vitabu la Kivinje

Mjukuu wangu, vijana wengi wakisikia kwamba nilifundisha Kiingereza Kilwa Kivinje miaka ya sabini, huniuliza tuliwezaje, bila kinasa sauti, bila kompyuta, na bila mtu hata mmoja mtaani wa kuzungumza naye lugha hiyo. Swali hilo ni zuri nami nitalijibu kwa kituo, maana jibu lake limenikaa moyoni miaka mingi na sitaki liondoke nami. Ila kwanza ujue mji wenyewe ulivyokuwa. Mimi nilifika Januari 1971, nimetoka Chuo cha Ualimu Mtwara, cheti changu kikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Kwetu ni Mchinga, kusini kwenye pwani hiyohiyo, kwa hiyo harufu za Kivinje hazikunishangaza: tope la mikoko maji yakipwa, papa mkavu juu ya chanja, moshi wa korosho zinazokaangwa uani, na kila asubuhi mafuta ya nazi yakichemka kwa vitumbua. Kitumbua kilikuwa senti tano. Ukiwa na sumni, yaani senti hamsini, ulikula ukashiba, ukanywa na chai, na chenji ikabaki. Nyumba za mawe za wafanyabiashara wa zamani zilikuwa zimeanza kuporomoka, milango yake ya nakshi ikiwa imeegemezwa tu, boma la Wajerumani likitazama bahari, na nje kidogo ya mji palikuwa na Mwembe Kinyonga, waliponyongewa wazee wetu wa Majimaji. Mji ulikuwa umeshaona mambo makubwa yakipita, na haukuwa na haraka tena.

Azimio la Arusha lilikuwa na miaka minne. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, na tangu siku zile masomo ya shule ya msingi yakawa yanafundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikabaki somo moja katika ratiba, vipindi vichache kwa juma. Sisi walimu vijana tulilifurahia jambo hilo, kwa sababu mtoto aliweza sasa kuuliza swali la hesabu kwa lugha aliyoiota usiku. Lakini sekondari iliendelea kwa Kiingereza. Mtoto aliyefaulu darasa la saba na kupata nafasi alikwenda kukutana na jiografia, kemia na historia, zote kwa lugha ambayo Kivinje aliisikia kwa mwalimu mmoja tu, dakika chache, ndani ya chumba chenye watoto hamsini na kitu. Wale waliotoka mjini Dar es Salaam walikuwa na sinema, magazeti na majirani. Wetu walikuwa na mimi, na chaki. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Tusiwadharau watoto wale, hata hivyo. Kabla hawajafika kwangu, alfajiri walikuwa wameshakaa chuoni kwa mwalimu wao wa Kurani, miguu imekunjwa juu ya jamvi, juzuu mapajani. Walisoma kule kutoka kulia kwenda kushoto, wakaja kwangu wakasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na sikuwahi kumwona aliyechanganya. Walikuwa wanajua kwamba maandishi yana heshima yake, na vichwa vyao vilikuwa vimezoea kubeba mengi. Ukiwasomea sentensi ya Kiingereza mara mbili, ya tatu waliirudisha yote, kwa sauti moja, bila kukosea. Kazi yangu ikawa kuwasaidia waitoe sentensi ile kwenye wimbo wa darasa, kila mmoja aitumie kwa haja yake.

Ngoja nikueleze jinsi tulivyofundisha sarufi, maana ndiyo watu wanayodhani haiwezekani. Jambo lililowasumbua zaidi ni ile herufi s. Kiswahili huweka alama ya wingi mwanzoni mwa neno, tukasema mtoto na watoto. Kiingereza huiweka mwishoni. Hilo walilishika upesi. Tatizo likaja kwenye vitendo, kwa sababu kule s humwangukia mtu mmoja na kuwakimbia wengi. Mtoto mwenye akili timamu akiambiwa s ni ya wingi ataandika “the boys goes”, na ukimwuliza kwa nini, atakujibu kwamba wao ni wengi, wastahili kupewa. Basi nilichukua simbi moja niliyookota pwani, nikawasimamisha watoto wawili mbele ya darasa. Wa kwanza alikuwa jina, wa pili kitendo. Sheria ya mchezo ilikuwa kwamba simbi ni moja tu. Jina likiwa nayo, kitendo hakina: “the boys go”. Jina likiwa la mtu mmoja, halina simbi, basi limpe kitendo: “the boy goes”. Walipokezana ile simbi kwa furaha ya ajabu, wakifanya “the dhow sails”, “the dhows sail”, na mtoto aliyekosea alisahihishwa na wenzake kabla sijafungua kinywa. Najua sheria ile haifiki kila mahali, wapo “men” na “children” ambao hawaifuati, lakini kwa mtoto wa miaka kumi ilikuwa daraja la kutosha kuvukia.

Maneno ya mahali tuliyafundishia ufukweni. Maji yakipwa, nilikuwa nawatoa darasani, tunakwenda penye ngalawa zilizolala mchangani. Mmoja akaingia ndani ya ngalawa, mwingine akajificha chini ya tengo, mwingine akasimama nyuma ya tezi, na wote wakapaza sauti: “I am in the boat”, “I am under the boat”, “she is behind the boat”. Hapo pia ndipo walipojifunza kutenganisha “he” na “she”, jambo gumu kwa mtu ambaye lugha yake humwita kila binadamu yeye. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walikuwa wanatuangalia, na baadhi yao baada ya wiki chache wakawa wanajibu pamoja na watoto. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, meno mawili ya mbele yamekwisha, aliniambia, “Mwalimu, nimeishi na chombo hiki miaka kumi, leo nimejua kinaitwaje Ulaya.” Nilimshukuru, na kuanzia siku hiyo hatukuhitaji kuomba ruhusa ya kupanda ngalawa ya mtu.

Hata hivyo, pamoja na simbi na ngalawa, nilikuwa naona ukuta mbele yetu. Kiingereza chote cha Kivinje kilikuwa kinatoka kinywani mwangu, na mtoto hakuwa na njia ya kwenda mbele yangu hata hatua moja. Aliyeufungua ukuta huo ni mwalimu mkuu wetu, Mmwera mmoja mrefu, mwembamba, mwenye kovu dogo juu ya nyusi, ambaye hakuwa anapandisha sauti hata akikasirika. Yeye alikuwa amewahi kuingia Maktaba Kuu ya Taifa kule Dar es Salaam, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na alikuwa hachoki kuisimulia: ukimya wake, meza zake, rafu ambazo mtu yeyote angeweza kuzifikia bila kumwomba mtu. Alianza kuandika barua, akaomba hapa na pale, na mwaka 1972 tukapata masanduku mawili ya vitabu, yaliyoshuka kwenye lori pamoja na magunia ya sukari, yakiwa na vumbi la barabara nzima ya Rufiji. Mvua zingetangulia wiki mbili, lori lile lingelala ng'ambo ya kivuko cha Ndundu hadi Juni.

Kabati lilitengenezwa na fundi seremala wa mjini, kwa mbao za mninga, milango miwili na kufuli. Alitaka shilingi 120. Fedha hizo shule ilizipata kwa korosho za shamba letu, wakati ambao kilo ilikaribia shilingi moja, na kwa mchango wa wazazi, wengine senti, wengine samaki wa kuuzwa sokoni. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa na hisa kwenye kabati lile, na siku lilipobebwa na wanaume wanne kupitishwa mtaani, kina mama walitoka barazani kulitazama. Ndani tuliweka vipande vya kafuri kuzuia mende na nondo, na mpaka leo nikinusa kafuri hunijia ile harufu iliyochanganyika na gundi ya vitabu vipya. Chumvi ya bahari ni adui wa karatasi. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya watoto kwenda kuoga kwa ajili ya sala, tulivitoa vitabu uani, tukavifungua vipigwe na upepo, tukafuta ukungu kwa kitambaa kikavu. Majalada tuliyafunika kwa kurasa za gazeti la Uhuru na za Nchi Yetu, kwa hiyo ungeweza kukuta Abunuwasi amevikwa hotuba ya bajeti.

Vya Kiswahili vilikuwamo, Hekaya za Abunuwasi, Mashimo ya Mfalme Suleimani, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Vya Kiingereza vilikuwa kamusi tatu, ensaiklopidia moja ya watoto ya juzuu moja, nene, yenye picha za rangi, na vitabu vidogo vya Ladybird vya Peter na Jane, jalada gumu, maneno machache kila ukurasa. Hivyo vya Peter na Jane vilileta mjadala. Mbwa wao, Pat, anaingia nyumbani na kucheza na watoto, na darasa langu lilipoona picha hizo likapiga yowe kwa sababu ya najisi. Sikuficha ukurasa. Nilimwomba mwalimu wa dini aje, akawaeleza vizuri kwamba watu wa nchi nyingine wana desturi zao, na kusoma habari za mtu si kufuata mwenendo wake. Baada ya hapo walisoma vitabu vile vyote, na nikagundua kwamba hakuna aliyesahau tena “the dog is in the house”.

Sasa nikwambie tulivyowafundisha kuitumia maktaba, maana kuwa na vitabu ni jambo moja na mtoto kuvifikia ni jambo jingine. Tulianza na mikono. Msimu wa korosho vidole vyao vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya ganda, na wa maembe vilikuwa vya njano, kwa hiyo ndoo ya maji na kipande cha sabuni vilikaa mlangoni. Halafu kufungua ukurasa kwa kona ya juu, bila kulowesha kidole kwa mate, na kuweka alama kwa ukuti badala ya kukunja. Kisha ikaja alfabeti, ambayo kila mtoto alijua kuiimba na karibu hakuna aliyejua kuitumia. Niliwapanga uwanjani kwa majina yao. Pwani yetu unaijua: wa A walikuwa Abdallah, Ali, Amina, Asha, Athumani, wa M walijaa Mariamu, Mohamedi, Mwanahawa, Mwanaidi, wa S walikuwa safu nzima. Herufi ya kwanza haikutosha kuwatenganisha, ikabidi watazame ya pili, wengine ya tatu, na kina Mwanahawa na Mwanaidi wakafika mpaka ya sita kabla ya kujua nani atangulie. Walipokwisha kujipanga wenyewe bila mimi kusema neno, niliwaambia kwamba kamusi imepangwa hivyohivyo, na kila neno lililomo lina nafasi yake isiyoweza kunyang'anywa.

Baada ya hapo tukaingia kwenye namba. Mwalimu mkuu alikuwa na karatasi ya mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey, alioutoa mwaka 1876 na ambao maktaba nyingi duniani zinautumia. Tuliufupisha tukauandika kwa rangi nyeupe kwenye mbavu za kabati: 200 dini, 398 ngano, 500 sayansi, 900 historia na jiografia. Watoto walipenda kujua kwamba Tanzania ina namba yake, 967.8, na kwamba ukiingia maktaba ya mbali yenye mfumo ule utatukuta palepale. Kwa kila kitabu tukakata kadi kutoka kwenye maboksi ya chaki, upande mmoja jina la mwandishi, upande wa pili namba. Wakutubi walikuwa watoto wenyewe, wawili wawili, kwa zamu ya wiki: waliandika nani ameazima, lini, na arudishe lini. Aliyechelewesha au kuchana hakutozwa fedha. Alikaa na mkutubi Jumamosi akabandika kurasa kwa uji wa muhogo, na kwa mkono wake akajua kitabu kinavyoumia.

Kulikuwa na binti mmoja, mtoto wa mvuvi, mweusi wa kung'aa, mkimya, macho makubwa yaliyokuwa yanakutazama mpaka unajiuliza umesema nini. Siku moja tulipokuwa pwani aliniuliza kwa nini bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na katikati yake maji huwa mafu. Nilimwambia aende kabatini. Hakuniuliza kitabu gani. Alikwenda rafu ya 500, akatoa ile ensaiklopidia, akafungua faharasa ya nyuma. Alikuwa hajui kupwa na kujaa kwa bahari kunaitwaje kwa Kiingereza, kwa hiyo alianza na neno alilolijua, “moon”, akashusha kidole kwenye M, akapata ukurasa, na kwenye ukurasa ule akakutana na neno “tide” lililomrudisha kwenye faharasa, safari hii kwenye T. Alikaa sakafuni na kamusi ubavuni kwa vipindi viwili, nami nikawakataza wenzake wasimsumbue. Alipokuja kwangu alikuwa na karatasi yenye mistari sita, makosa mawili ya s, na picha ya jua, mwezi na dunia vikiwa kwenye mstari mmoja. Akanieleza kwamba mwezi unavuta maji, jua nalo linavuta, na siku vinapovuta pamoja ndiyo bamvua.

Jioni alimsomea baba yake. Kesho yake yule bwana alifika shuleni, kofia mkononi, na changu wawili wabichi wamefungwa kwa ukindu. Akaniambia, “Mwalimu, sisi tarehe za bamvua tumezijua tangu kwa mababu, na sababu tulimwachia Mungu. Sasa mtoto amenionyesha namna Mungu alivyolipanga.” Akaomba kukiona kitabu. Alinawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni bila kuambiwa, akakaa kwenye dawati la watoto, na binti yake akamfungulia ukurasa kwa kona ya juu. Naamini siku hiyo ndipo nilipoielewa Elimu ya Kujitegemea. Shuleni kwetu watu waliihesabu kwa matuta ya mihogo na mikorosho iliyopaliliwa, na kazi hizo zilikuwa na maana, kwani ndizo zilizonunua kabati. Lakini kujitegemea kwa yule binti kulikuwa kukubwa zaidi: alikuwa na swali lake mwenyewe, akajua njia ya kulifikia jibu, na mwalimu wake hakuwa njiani.

Wengine walitafuta Kilwa yao. Katika faharasa ileile, chini ya K, waliikuta, na ukurasani wakasoma kwamba msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri wake. Walikuwa wanajua magofu ya Kisiwani, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, kwa kuyaona tu wakivuka na baba zao. Tukamwalika mzee mmoja aliyewahi kubeba makarai ya udongo kwenye machimbo ya mwanaakiolojia Neville Chittick, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya hamsini, akawasimulia vigae vya Uchina na sarafu za shaba zilizotoka ardhini. Watoto waliandika maelezo yake kwa Kiswahili, kisha sentensi tano kwa Kiingereza, tukatengeneza kijitabu, tukakipa namba 967.8 na kukipanga kabatini pamoja na vingine. Kilikuwa ndicho kitabu kilichoazimwa zaidi mwaka ule.

Kisha mambo yakabadilika. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na walikuja kweli, mjukuu wangu, madarasa yakajaa mpaka chini ya miembe. Ilikuwa haki yao, na nafurahi kwamba niliiona. Lakini mwalimu mmoja alibaki na watoto tisini, na baada ya vita vya Kagera daftari likawa adimu kuliko sukari, chaki tukazivunja vipande vitatu, mafuta ya taa yakawa ya foleni. Simbi na ngalawa havikupanda bei, na kabati lilisimama kwa sababu halikuwa linamtegemea mwalimu. Wale wakutubi wa darasa la tano waliwafundisha wa la tatu kujipanga kwa majina, na hao wakawafundisha waliofuata. Nilipohamishiwa Lindi mjini mwaka 1983, nilimkabidhi ufunguo msichana wa darasa la sita mbele ya mwalimu mkuu mpya, kwani yeye ndiye aliyejua kila kitabu kilipo.

Mengi yamefuata. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ukatoa hadithi nzuri za Kiswahili na kusaidia maktaba za shule. Daraja la Mkapa lilifunguliwa Rufiji mwaka 2003, na safari ya vitabu kutoka Dar es Salaam ikawa ya siku moja. Leo mtoto wa Kivinje ana simu yenye vitabu vingi kuliko alivyowahi kuviota mwalimu mkuu wangu. Lakini nimekaa na wajukuu wenye simu hizo, nikaona wakipewa swali huandika neno la kwanza linalowajia, wakachukua jibu la kwanza linalotokea, wakafunga. Nimeona pia wazazi wakijinyima ili walipe ada za shule za mchepuo wa Kiingereza, mtoto akarudi na matamshi mazuri, na nyumbani hakuna hata kitabu kimoja cha kuyatumia.

Mwalimu Nyerere alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na mimi nakubaliana naye kwamba mtoto wetu anakihitaji. Basi nakuomba jambo moja. Nunua ubao wa mninga, au wa mti wowote, uupigilie ukutani mahali ambapo mkono wa mtoto unafika. Weka kamusi, weka ngano za Kiswahili, weka kitabu cha Kiingereza chenye faharasa nyuma. Mfundishe kunawa mikono, kupanga kwa herufi ya pili na ya tatu, na kushusha kidole kwenye faharasa. Akikuuliza jambo unalolijua, mtume kwenye rafu kabla hujamjibu, na akirudi na mistari yake sita msikilize mpaka mwisho, uisifu, ndipo umsahihishe zile s.